Gari la Kayna mbele ya kontrole tekniki

Kontrole tekniki ni ukaguzi wa hali ya gari kabla halijaruhusiwa kubeba watu au mizigo barabarani. Kanuni ya barabara ya Kongo, yaani Sheria namba 78/022 ya 30 Agosti 1978, inataka breki, usukani, taa na matairi vifanye kazi yake. Cheti cha ukaguzi huulizwa njiani pamoja na karte rozi (kadi ya usajili wa gari) na karatasi ya bima, ambayo ni ya lazima tangu sheria ya 5 Januari 1973. Lakini mkaguzi aliyesimama kando ya gari, bila mashine, anaona taa ikiwaka na tairi lenye meno. Haoni dramu ya breki iliyokwanguliwa ikawa nyembamba wala mafuta ya breki yaliyonyonya maji. Ukaguzi wa kweli kwa hiyo hufanyika gerejini, mikononi mwa fundi, na gari hupita au hushindwa kwa kadiri ya mpangilio wa kazi yake.

Kayna iko katika eneo la Lubero, Kivu Kaskazini, kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Kanyabayonga na Kirumba. Kutoka hapo hadi Butembo ni zaidi ya kilomita 100 za udongo, utelezi wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Mradi wa barabara uliozinduliwa Juni 2021 na marais wa Kongo na Uganda, ukapewa kampuni ya Dott Services, ulihusu Kasindi–Beni, Beni–Butembo na Bunagana–Rutshuru–Goma, jumla ya kilomita 223. Kipande cha kati ya Kayna na Butembo hakikuwamo. Tena, tangu mwisho wa Juni 2024, Kanyabayonga, Kayna na Kirumba zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mwenye gari hana uhakika wa kufika Butembo kwa fundi wa pampu ya mazutu (dizeli) siku anayotaka. Kazi nyingi imebaki kwa gereji ndogo za hapo hapo, na hizo ndizo zinazohitaji vipimo visivyotegemea umeme wala mashine za gharama.

Matengenezo huanza kwenye breki, na haifai yaanze kwingine. Sababu inaonekana kusini ya Kanyabayonga, pale barabara inapoteremka mamia ya mita kwenye kona za Kabasha hadi tambarare ya Rwindi, ndani ya hifadhi ya Virunga. Lori lililojaa maharage au mbao likiteremka hapo kwa gia kubwa, nguvu yote ya mteremko huishia kwenye dramu kama joto. Joto hilo hufanya mambo mawili. Kwanza hulainisha garnitire, ile tabaka inayosugua dramu, mpaka inateleza badala ya kukamata. Pili huchemsha mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, na DOT 4 kwa 230. Lakini yote mawili hunyonya unyevu wa hewa, na yakishakunywa maji kiwango kinachokubalika cha kuchemka hushuka hadi nyuzi 140 na 155. Mafuta yakichemka ndani ya bomba hutoa mvuke, na mvuke hubanwa. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, na gurudumu halisikii kitu.

Kwa sababu hiyo kubadilisha mafuta yote ya breki ni tengenezo halisi, ingawa halionekani kwa mkaguzi. Kuongezea tu chupa kwenye tangi dogo hakusaidii, kwa kuwa mafuta yaliyozeeka yako chini, karibu na gurudumu, mahali penye joto. Fundi hutoa mafuta kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pampu ya breki, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua nipeli, mpaka yatoke masafi bila povu. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana haifai hata kama ni ya aina bora.

Dramu hupimwa, haikisiwi. Ukingoni mwake pameandikwa kwenye chuma kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Ikishakwanguliwa kupita hapo hutupwa, kwa maana chuma chembamba hupata moto haraka na hupasuka. Gereji nyingi hukwangua dramu ile ile tena na tena kwa sababu mpya ni ghali, na hapo ndipo akiba ya mwenye lori inapogeuka hatari ya abiria waliokaa juu ya mzigo. Garnitire hubadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja. Silinda ya gurudumu inayovuja hubadilishwa mpira wake, na kama ukuta wa ndani una vishimo vya kutu hubadilishwa yote. Kwenye malori ya breki za upepo, matangi hutolewa maji, kisha injini huzimwa na sindano ya geji hutazamwa: ikishuka huku pedali haijaguswa, kuna mahali panapovuja, na maji ya sabuni hupaonyesha kwa povu.

Breki ya injini, ile inayoziba bomba la moshi, ina heshima ndogo kuliko inavyostahili. Lori nyingi za Fuso zimetoka kiwandani nayo, na nyingi zimefika Lubero kipande chake cha kuziba kikiwa kimeganda kwa masizi na nyaya zimekatwa. Kukifungua, kukisafisha na kurudisha swichi yake ni kazi ya siku moja ambayo huipunguzia dramu mzigo mkubwa kwenye mteremko wowote kati ya Kanyabayonga na Butembo.

Vituo vyenye mashine hupima breki kwa magurudumu ya chuma yanayozungusha tairi. Gereji ya kawaida ya Kayna haina, lakini hesabu ya mashine inaweza kufanywa njiani. Breki yenye uwezo wa asilimia 50 husimamisha gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa ndani ya mita 7 hivi, ikihesabiwa tangu breki zinapokamata. Kipande kikavu na kigumu cha barabara, kigingi cha kuanzia na futi ya kamba vinatosha. Alama za tairi kwenye udongo husema la ziada: alama ndefu upande mmoja na fupi upande mwingine ni breki zisizolingana, na gari la namna hiyo hujipinda lenyewe kwenye utelezi. Baada ya mteremko fundi hunyunyizia kila dramu matone machache ya maji kutoka mbali. Penye kuchemka pamefanya kazi. Palipobaki baridi gurudumu hilo lilikuwa linasindikizwa tu na wenzake. Breki ya mkono hujaribiwa kwenye mlima, gari likiwa na mzigo, kwa kuwa gari tupu karibu siku zote husimama.

Usukani hukaguliwa na watu wawili. Mmoja hutikisa sterini kushoto na kulia kidogo kidogo, mwingine amelala chini akitazama kila kiungo. Kichwa cha tairodi kinachocheza kabla gurudumu halijasogea hubadilishwa siku hiyo hiyo. Kisha ekseli ya mbele hupigwa jeki, tairi hushikwa juu na chini, likatikiswa. Likicheza, mtu wa pili hukanyaga breki: kucheza kukiisha, tatizo ni beringi, kukibaki, ni kingpini na bushi zake. Tofauti hiyo inaokoa pesa, maana wengi hununua beringi mpya kwa ugonjwa wa kingpini.

Springi iliyovunjika jani haiunganishwi kwa moto wa kuchomelea. Joto hulainisha chuma kilichopewa ugumu wake kiwandani, na jani hukatika tena kando ya kiungo, mara nyingi kwenye shimo la kwanza lenye maji. Hubadilishwa jani zima. Tairi huangaliwa kina cha meno, ambacho kwa magari madogo kipimo cha Ulaya ni milimita 1.6, lakini kwa matairi ya mtumba umri una uzito sawa na kina. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hupasuka ukiwa na meno mazuri. Kwenye magurudumu pacha ya nyuma hutolewa jiwe lililokwama kati ya matairi mawili, kosa dogo linalokata mbavu zote mbili kwa safari moja.

Taa zinahitaji maelezo marefu, kwa sababu hapa gari linaweza kuwa zima kabisa na bado likawa hatari. Magari mengi ya Kivu Kaskazini yametengenezwa Japani, yakaingia kwa njia ya Mombasa na Uganda, nchi ambazo huendesha kushoto. Kongo huendesha kulia. Taa ya namna hiyo, ikiwa kwenye mwanga wa chini, haitupi mwanga ulio sawa: upande wa kushoto mwanga hupanda ili kuonyesha ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Likivuka mpaka wa Mpondwe na kuingia Kasindi, gari lile lile linaelekeza mwanga uliopanda kwenye macho ya anayekuja, na kuacha gizani ukingo wa kulia, ambako wanapita watu, mbuzi na chukudu, yaani skuta za mbao za kubebea mizigo. Kubadilisha balbu hakurekebishi kosa hilo, kwa sababu umbo la mwanga hutolewa na kioo na kiakisi cha taa. Kuweka balbu yenye nguvu zaidi hulizidisha.

Tengenezo linalofaa ni kuweka taa zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia. Zikikosekana, sehemu ya kioo inayotoa mwanga uliopanda huzibwa kwa utepe mweusi usiopitisha nuru, na taa chache za kisasa zina kiwiko kidogo nyuma cha kugeuza umbo. Baada ya hapo taa hulengwa. Gari huegeshwa mahali tambarare, mita 10 kutoka kwenye ukuta, matairi yakiwa na upepo sahihi. Urefu wa katikati ya taa kutoka chini hupimwa na kuchorwa ukutani kwa chaki, kisha mstari wa pili huchorwa sentimita 10 chini yake. Ukingo wa juu wa mwanga wa chini unatakiwa kulala kwenye mstari huo wa pili, na kwa lori lenye taa za juu unaweza kushuka zaidi. Kazi hii hufanywa jioni na haichukui saa nzima, na kwa maisha inayookoa hakuna tengenezo la bei nafuu linalolingana nayo.

Kuhusu usukani wenyewe, serikali ya Kinshasa ilishatangaza marufuku ya kuingiza magari ya usukani wa kulia, lakini mashariki mwa nchi yamebaki mengi. Wengine huuhamisha usukani kwenda kushoto. Kazi hiyo inakubalika ikiwa vipuri vyote ni vya gari lile lile la usukani wa kushoto. Mhimili wa usukani uliokatwa na kuchomelewa ili ufike upande wa pili haukubaliki kwa hali yoyote, na mkaguzi anayeuona ana haki ya kulisimamisha gari.

Moshi ndio sehemu inayofanyiwa ujanja zaidi. Ujanja wenyewe unajulikana: asubuhi ya ukaguzi skrubu ya kiwango cha mafuta kwenye pampu ya mazutu hupunguzwa, gari hupita bila moshi likiwa halina nguvu, na jioni skrubu hufunguliwa tena. Gari halijatengenezwa hata kidogo. Moshi ni dalili, na rangi yake inaelekeza pa kuanzia. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Wa buluu ni oili inayoungua, kutoka kwenye ringi, mihuri ya valvu au turbo iliyochoka. Mweupe unaobaki baada ya injini kupata moto ni mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda.

Kabla ya kumlaumu fundi wa pampu inafaa kukumbuka mwinuko. Butembo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu za njia ya Lubero ziko juu zaidi. Huko hewa inayoingia kwenye silinda ni pungufu kwa asilimia 15 hadi 20 ikilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na turbo, kama 1HZ ya Land Cruiser, hupokea mafuta yale yale na hewa pungufu. Matokeo ni nguvu kidogo na moshi mweusi. Dereva huhisi upungufu wa nguvu tu, akaomba pampu ifunguliwe, na mafuta ya ziada hayana hewa ya kuungua nayo: hutoka kama masizi, hupasha moto pistoni na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Pampu ya gari la nyanda za juu hutakiwa kupunguzwa kidogo na kuachwa hivyo hivyo mwaka mzima.

Mpangilio wa kazi ya moshi una sababu, kwa kuwa kila ugonjwa wa mwanzo huiga ule wa baadaye. Hewa hutangulia. Chujio hutolewa na kutazamwa dhidi ya jua. La karatasi lililoziba hubadilishwa, halipigwi chini kisha likarudishwa. Bomba kati ya chujio na injini hukaguliwa lisiwe na ufa, kwa sababu vumbi la njia ya Lubero likiingia kwa ufa huo linasaga ringi, na moshi wa buluu huja miezi michache baadaye. Zinafuata tapeti, ambazo hupimwa kwa fila geji kwa nafasi iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha taimingi ya pampu. Taimingi iliyochelewa hutoa moshi na joto, na wengi huisoma kama nozeli mbovu.

Nozeli hufuata. Hupimwa kwenye pampu ya mkono yenye geji: 1HZ hufunguka karibu na bar 150, na injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja kwenye pistoni huhitaji shinikizo kubwa zaidi. Nozeli nzima hutoa ukungu laini na kukata ghafla bila kudondosha. Inayotoa mshale wa mafuta, au inayolia machozi baada ya kukata, hubadilishwa ncha. Mkono hauwekwi mbele yake: mafuta ya shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha dogo la namna hiyo limewapotezea mafundi vidole. Baada ya hapo hupimwa kompresheni, silinda kwa silinda. Tofauti ya karibu bar 5 kati ya silinda mbili inamaanisha injini ifunguliwe, na hakuna dawa ya chupa itakayoifunga. Pampu huja mwisho, tena kwenye benchi la fundi wa pampu, skrubu yake ikarudishiwa lakiri.

Mafuta nayo yanahusika. Dizeli katika nchi zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Januari 2015 ilishushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni mwezi huo, na mazutu ya Beni na Butembo hupitia huko hadi Kasindi. Kwa hiyo mafuta yanayofika ni mazuri kiasi. Yanaharibika baadaye, kwenye mapipa na madumu ya barabarani, yanapoingia maji au kuchanganywa na mafuta ya taa. Chujio la mazutu hutolewa maji kabla ya safari, na tangi lililokaa miaka bila kufunguliwa huoshwa.

Ulaya hupima moshi wa dizeli kwa mashine ya nuru: injini ikiwa na moto, oili nyuzi 80, pedali hukanyagwa haraka hadi mwisho mara tatu au zaidi. Kwa magari ya zamani kikomo ni 2.5 m⁻¹ kwa injini bila turbo na 3.0 m⁻¹ kwa yenye turbo, na kwa mapya kimeshuka sana. Mashine hiyo ikikosekana kuna kadi ya Ringelmann, iliyobuniwa na Mfaransa Maximilien Ringelmann mwishoni mwa karne ya 19. Ni mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe, namba 1 ikiwa na weusi wa asilimia 20 na kila namba ikiongeza 20. Huning'inizwa mbali na mtazamaji mpaka mistari ionekane kama rangi moja ya kijivu, kisha rangi hiyo hulinganishwa na moshi. Haitoi tarakimu ya maabara, lakini inamwezesha fundi kuandika daftarini moshi ulikuwaje kabla na baada ya tapeti, kabla na baada ya nozeli. Gereji yenye daftari la namna hiyo hujua ni tengenezo lipi lililosafisha moshi, na mteja halipi mara mbili.

Magari ya esanse (petroli) yana kazi fupi. Plagi, chujio la hewa na nyaya hukaguliwa. Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka husomwa kwa kifaa, haizibwi kwa utepe. Vipimo vya Ulaya huruhusu kaboni monoksaidi asilimia 3.5 kwa gari la karibureta na 0.5 kwa lenye katalisti, na tofauti hiyo inaonyesha hasara inayopatikana katalisti ikikatwa na kuuzwa, kama inavyotokea mara kwa mara kwa Probox na Noah zilizotumika. Pikipiki za teksi, TVS na Boxer, hutoa moshi wa buluu kwa sababu karibu moja tu: oili haikubadilishwa kwa wakati, ringi zikaisha.

Kabla ya kumfikia mkaguzi, namba ya chasi husafishwa kwa brashi na kulinganishwa na karte rozi herufi kwa herufi, kwa kuwa tope la Lubero huficha namba na gari zima linaweza kurudishwa kwa jambo hilo. Cheti kikishapatikana bado kuna kazi moja. Garnitire mpya hukaa vizuri kwenye dramu baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na yubolti za springi mpya hulegea. Kwa hiyo lori likirudi kutoka Butembo breki hukazwa upya, yubolti na nati za magurudumu hupigwa spana tena, na mafuta ya breki hutazamwa kama yameshuka.